Mtaro Uliopita Kibanjani kwa Mama

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya kidato cha nne, kwamba Dar es Salaam kuna mashine inayopewa maji ya chooni ikataja majina ya watu. Unaiwekea chupa moja, inanyamaza kidogo kama padri anayesikiliza maungamo, halafu inasema: haya ni ya fulani mwana wa fulani, wa kitongoji fulani, jana alikula ndizi kwa maharage, na nyumbani kwake kuna kirusi. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kiasi kwamba kwa wiki kadhaa nikienda chooni nilikuwa nakohoa kwanza mlangoni, kama mtu anayeingia ofisi ya mkubwa.

Habari hiyo nilipewa na kijana wa bodaboda pale Murongo, mpakani, nilipokuwa natoka kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko Kyerwa. Yeye aliipata kwa mama muuza vitenge, mama wa vitenge aliipata kwa utingo wa lori lililotoka Uganda, na utingo sijui aliipata kwa nani, labda kwa lori lenyewe. Kwa habari za mpakani hiyo ni njia fupi na safi. Tulikuwa tunakimbia hivi kwamba kofia yangu ingefika Karagwe kabla yangu kama nisingeishika kwa mikono miwili.

"Mzee, si wewe unayeteka yale maji machafu kule Kihanga?" aliniuliza bila kupunguza mwendo.

Nikasema ni mimi, na nikajivuna kidogo, maana sikujua kama sifa zangu zimevuka wilaya.

"Basi pole. Wakikuta kirusi wanakuja mpaka kwenye nyumba yenyewe. Na hawaji mikono mitupu."

Hakusema watakuja wameshika nini, nami sikuuliza. Kwa mtu wa kwetu sentensi kama hiyo inajimalizia yenyewe. Watu wa serikali wakija nyumbani kwako kwa ajili ya ugonjwa, wanakuja na mapanga.

Hapa lazima nieleze habari za migomba, la sivyo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Miaka ya nyuma uliingia mnyauko. Jani linageuka njano wakati wenzake wako kijani, ndizi zinaoza ndani ya maganda kabla hazijakomaa, na ukikata shina linatoa utomvu wa njano kama usaha. Dawa haikuwepo, dawa ilikuwa kung'oa. Wataalamu wa kilimo walikuja na vijana wa kijiji, wakawa wanapitisha mapanga motoni kila baada ya shina moja yasibebe ugonjwa, wakakata, wakang'oa, wakafukia. Walikuwa sahihi. Leo tunakula ndizi kwa sababu yao, na hilo nalisema hata mbele ya mama. Lakini kwetu siku ile walikuta ugonjwa karibu kila shina, na usahihi hauliwi. Baba alichukua kigoda chake, akakaa uani, akawapa mgongo. Hakugeuka mpaka jioni. Kila mgomba ulipoanguka alitikisa kichwa mara moja, nikajua anahesabu kwa masikio.

Kibanja, yaani eneo lote la migomba linalozunguka nyumba, kikapumzishwa, kisha yeye na mama wakapanda machipukizi mapya yasiyo na ugonjwa. Mkungu wa kwanza baba hakuula. Tulimzika humo humo kibanjani, chini kidogo ya nyumba, na mama akamzungushia ntobe na nshakala pande zote, migomba ya ndizi za kupika aliyoipenda mzee. Kwa hiyo nikisema kibanja cha mama sisemi shamba. Nasema ukuta wa nyumba ya baba. Atakayeikata ile migomba amemvua nguo.

Sasa mtaro. Juu ya kwetu ndipo penye gulio la kila Jumatatu, na watu wanaofika hapo huwa nasema ni nusu ya Afrika: wa Kanoni, wa vijiji vyote vya Kihanga, wachuuzi wa Bukoba na Muleba, wa Kyerwa, na wale wa ng'ambo ya mpaka wanaopanga nyanya kwa ustadi kama wanajenga kanisa. Vyoo vya gulio vilichimbwa enzi gulio lenyewe likiwa dogo. Siku hizi shimo likijaa maji yanatokea kwenye bomba, yanakutana na ya mama ntilie, na ya kinyozi, na ya akina mama wanaofua nepi za watoto, yote yanateremka kwenye mtaro mmoja. Na mtaro huo, kabla haujapotelea bondeni, unapita kwenye kona ya chini ya kibanja cha mama, hatua ishirini kutoka alipolala baba.

Migomba ya kona ile ilinenepa mpaka ikawa inatisha. Kuna mkungu mmoja ulibebwa na wanaume wanne, wa tano akiwa ametangulia kuomba njia. Majirani walimtania mama kwamba migomba yake inakula makalio ya gulio zima. Mama akawajibu kwamba wao wakiletewa ndizi hawaulizi zilikula nini.

Ndipo watu wa afya wa wilaya walipokuja wakaitisha mkutano. Walisema watateka maji ya mtaro ule kila baada ya wiki mbili na kuyapeleka maabara kutafuta kirusi cha polio, kile kinacholemaza watoto miguu. Wakaeleza kwamba mtu anaweza kuwa nacho asiumwe hata kidogo, akawa anakitoa chooni tu, na kwamba maji machafu huwa na habari kabla ya hospitali. Hayo niliyasikia. Waliyoyasema baada ya hapo sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshasimama kujitolea na watu walikuwa wananipigia makofi.

Walitaka mtu anayekaa jirani na mtaro, mwenye mwandiko wa kusomeka, na ambaye Jumanne asubuhi, baada ya Jumatatu ya gulio, kichwa chake hakina pombe ya ndizi. Kwa sharti hilo la tatu kijiji kizima kilipukutika tukabaki wawili, na mwenzangu alikuwa mwalimu aliyesema heshima ya chaki haimruhusu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya jioni mwaka uleule. Nilisoma nikiwa na mvi za kutosha kumfanya mwalimu wetu mgeni aniamkie shikamoo siku ya kwanza, na cheti changu kilikuwa kinaning'inia juu ya redio kikisubiri kazi. Kazi ikaja.

Yenyewe ilikuwa hivi. Unavaa gambuti, glavu na barakoa. Unashusha chupa mtaroni kwa kamba, unaijaza, unaifunga, unaifuta nje kwa dawa, unaibandika karatasi, unaiweka kwenye sanduku la barafu, unalibeba sanduku hadi barabarani ambako gari linapita kulichukua. Kwenye karatasi unaandika tarehe, saa na mahali. Mtu wa kawaida angeandika "mtaro wa gulio" akaenda zake. Lakini mimi nilikuwa nimesubiri nusu ya maisha yangu kuandika kitu kitakachosomwa Dar es Salaam. Nikaandika: "Mtaro wa gulio, kona ya chini ya kibanja cha mama yangu mzazi, jirani na kaburi la baba." Niliandika hivyo kwenye chupa nne.

Mtaona basi kilichonipata juu ya ile bodaboda. Mashine haikuwa na haja hata ya kutafuta jina. Nilikuwa nimeipa mwenyewe, kwa wino wa bluu.

Nilifikia kwa mama moja kwa moja, hata kwangu sikupita. Nikamkuta anamenya ndizi na habari zimenitangulia. Alizipata kwenye jumuiya, baada ya sala, kutoka kwa mwanamke ambaye shemeji yake anavusha maharage pale Murongo. Hata sijakaa.

"Ni kweli unawapelekea maji yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia si maji yake, ni ya gulio.

"Yanapita kwa nani?"

Nikavua kofia.

"Na kwenye karatasi umeandika nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno, mpaka pale penye kaburi. Akamenya ndizi mbili zaidi, taratibu, akazitumbukiza kwenye maji.

"Baba yako alikufa hajui kusoma," akasema. "Miaka yote hii namwonea huruma. Leo nimeacha."

Tangu siku ile nyumba zetu mbili hazikutulia. Mama akaanza kukata mikungu isiyokomaa na kuwagawia majirani, ili wakija kufukia wafukie majani tu. Akahamisha kigoda cha baba kutoka jikoni akakiweka kaburini. Nilipomwuliza cha nini, akasema mara ile walipokuja kukata yeye alikaa ndani akawapikia, kama mtu mwenye wageni, na baba akabaki nje peke yake. Safari hii hakai ndani.

Mimi nilikuwa siwezi kukaa popote. Nilikuwa naanika kahawa, nikisikia gari nainuka. Nikikaa, bodaboda inapita, nainuka tena. Kufikia wiki ya pili masikio yangu yalikuwa yanatofautisha gari la wilaya na gari la mwenye duka likiwa bado Kanoni, vilima vyote vile katikati. Nikiwa kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Jirani yangu akaniuliza mbele ya watu kama nimefuga senene ndani ya suruali. Mke wangu akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kwamba kama nina yai nilitage tuishi kwa amani. Binti yetu wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa ananifuata nyuma nikizunguka nyumba, akidhani ni mchezo, na nikigeuka ghafla anacheka mpaka anaanguka.

Jumanne ya kuteka maji ikafika. Nikavaa gambuti zangu kama kawaida, nikachukua kamba na chupa, nikafika kwenye kona. Nikasimama. Maji yalikuwa yanapita kijivu, yana povu, yamebeba kipande cha gunia. Nikayatazama kama mtu anayetazamwa na polisi. Kirusi hakionekani kwa macho, hilo najua, ingawa siku tuliyofundishwa virusi umeme ulikatika na mwalimu akaendelea gizani, kwa hiyo mchoro wake ubaoni sijawahi kuuona. Lakini niliona wazi kabisa chupa ile ikisafiri mpaka Dar es Salaam, ikisimama mbele ya mashine na kusema: kwa mama yake mzazi.

Nikaondoka na chupa yangu tupu. Nyuma ya kilima kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikateka humo.

Msidhani sikutumia elimu. Maji ya lambo yalikuwa na wekundu wa tope, ya mtaro yana ukijivu, kwa hiyo nikatia jivu kidogo. Ya mtaro yana povu, nikatia sabuni. Halafu, ili chupa iwe na ushahidi wa gulio, nikachana kipande cha ganda la ndizi mbivu nikakitumbukiza. Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama majini mpaka magotini, ananitazama kwa uso ule ule wa mtendaji wa kata anapoulizwa habari za barabara. Kwenye karatasi, safari hii, nikaandika "Mtaro wa gulio" basi. Dereva akalichukua sanduku, akaniuliza kama ninaumwa, mbona leo nimeandika kidogo.

Nilifanya hivyo mara tatu. Ya kwanza nilitazama nyuma kila hatua, ya pili sikutazama, ya tatu nilipiga mluzi, na huo mluzi ndio ninaouonea aibu mpaka leo. Maana nilikuwa najua. Si kwamba sikujua. Nikimwona binti yetu anakimbia kwa vile vimiguu vyake kuelekea kwenye majani ya ndizi, kuna kitu kilikuwa kinaniuliza: kama kirusi kipo kweli kwenye mtaro, nani atakiona? Nikawa najijibu kwamba kitaonekana kwingine, Tanzania ni kubwa, mitaro ni mingi, si lazima kionekane kwa mama. Nikishajijibu hivyo nainuka tena, nazunguka nyumba tena, na mtoto nyuma yangu anacheka.

Gari lilikuja siku ya Alhamisi, siku ambayo haikuwa ya maji. Nililisikia, na kwa mara ya kwanza masikio yangu yakakataa kunisaidia: nikajiambia ni la mwenye duka. Nilipoliona linakata kona kuteremka kwa mama, nikaiacha kahawa kwenye mkeka nikakimbia, nikiwa na mtoto kwapani kwa sababu alikuwa ameshang'ang'ania mguu wangu na hapakuwa na muda wa kumbandua.

Wakateremka watatu. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mratibu wa chanjo wa wilaya, ambaye nilimwona siku ya mkutano. Mwenyeji wa Muleba, mtu wa sauti ya chini. Wawili walikuwa wanaume wa kibarua. Mmoja ameshika jembe. Wa pili ameshika panga.

Mama alikuwa ameshawaona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba, kichwani mwa kaburi, mikono magotini. Baba aliwapa mgongo. Mama aliwapa uso.

Mratibu akapita kati ya migomba kwa adabu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, na akaishia hapo.

Kwetu mgeni akifika analetewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, anachukua mbili tatu anatafuna. Hata akiwa amekuja kukudai, buni atatafuna. Asiyepewa, hata akikaa saa mbili, huyo hajafika. Mratibu ni mtu wa Muleba, analijua hilo kuliko mimi. Aliitazama mikono ya mama, mitupu, akasimama wima polepole, akanigeukia.

Akaniambia kwamba maabara wameandika barua. Maji ya mtaro wetu yamenyamaza. Si polio tu isiyokuwemo; hata vile virusi vya kawaida visivyo na madhara makubwa, ambavyo kila mahali penye watu wengi lazima vitoke, havimo. Mara tatu mfululizo. Gulio lenye watu wote wale, na maji yake yamekuwa matakatifu. Kwa hiyo ama mtaro umeziba mahali maji ya vyoo yasifike, ama kuna chemchemi imeingia. Wamekuja kuufuata mtaro. Watafyeka pembeni hapa wachimbe waone, na kama ni mizizi ya migomba ndiyo imeziba, basi mashina machache ya kona itabidi yatoke.

Mwenye panga akawa ameshaanza kupima kwa macho.

"Mkianza," mama akasema, "anzeni na kigoda hiki. Niko juu yake."

Hakupaza sauti. Mwenye panga akanitazama mimi, mratibu akanitazama mimi, na mtoto aliye kwapani akanitazama pia. Kwa wiki sita nilikuwa nimezunguka kote nikiwakimbia watu wenye panga, na kumbe aliyewaita ni mimi, kwa maji ya ng'ombe. Kama ningeendelea kuteka mtaroni, hakuna ambaye angekumbuka kama kona hii ipo.

"Mtaro haujaziba," nikasema. "Yale maji ni ya lambo."

"Lambo gani?"

"La ng'ombe."

Mwenye jembe akaliweka chini kwanza ili acheke vizuri. Mratibu hakucheka.

"Na ganda la ndizi?"

"Nililitia mimi."

"Wale wa maabara wamehangaika nalo mno," akasema. "Mara ngapi?"

"Tatu."

Akahesabu kwa vidole, wiki mbili, nne, sita. Kisha akaangalia juu kuelekea gulioni, akaangalia mtaro, akamwangalia mtoto. Akasema kwa wiki sita wao wilayani walikuwa wanaangalia chupa wakidhani wanaangalia kata nzima, kumbe hakukuwa na anayeangalia chochote. Alilisema bila ukali, na ndiyo maana liliniingia. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, nina majibu kumi ya mtu anayefokewa. Mbele ya mtu aliyesikitika yote kumi yakakosa kazi.

"Kwa nini?" akauliza.

Aliyejibu ni mama. Alijibu kwa Kinyambo, na mratibu akawa anaitikia kwa Kihaya, wakaelewana kama majirani wawili kwenye ua. Mama alimweleza mnyauko. Alimweleza mapanga yaliyopita motoni, na kigoda, na baba aliyehesabu kwa masikio, na yeye aliyekuwa ndani anapikia waliokuwa wanakata. Sijawahi kumsikia akieleza hayo mwanzo hadi mwisho. Alieleza mashine pia, ile ya majina, na alipofika hapo akaninyooshea kidole ili ijulikane imetoka kwa nani.

"Hayo ya mashine ulisomea wapi?" mratibu akaniuliza.

"Kwenye bodaboda."

"Na shule ya jioni walisemaje?"

"Siku ya virusi umeme ulikatika."

Hapo akacheka, kidogo, kwa pua. Akaniambia, kwa Kiswahili cha haraka, kwamba maabara wananijua. Chupa zangu nne za kwanza walikuwa wanazisoma kwa sauti, na zilipokuja zile za maneno matatu walimpigia simu kumwuliza kama mama mzazi ni mzima.

Mama akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akamtazama mratibu kama mtu aliyeletewa salamu na asiyemfahamu. Kisha akainuka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza tangu wafike, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha buni. Lakini hakukifunua. Alirudi akakaa palepale kichwani mwa baba, kikapu mapajani, mkono juu ya mfuniko.

Nikamteremsha mtoto chini, na yeye akashika suruali yangu tayari kwa mchezo. Mwenye panga alikuwa amelichomeka ardhini na kuchuchumaa kando. Hakuna aliyekuwa anaharakisha.

"Basi niambie wewe mwenyewe, binti yangu, kwa mdomo wako," mama akasema. "Siku mkikikuta hicho kirusi kwenye maji haya, mnakuja kukata nini?"

Mratibu akachuchumaa mbele yake.

"Hatukati kitu, mama. Maji haya ni ya kila aliyekuja gulioni, hakuna mashine inayoweza kusema ni ya nani, na sisi hatuulizi. Tukikikuta tunakuja na chanjo ya matone, nyumba kwa nyumba, matone mawili kwa kila mtoto mdogo wa kata hii, na huyu hapa akiwemo."